Homa ya ini: Usitupe tembe kwa sababu bado hujapona

Msomaji wangu, mgonjwa akiambiwa kwamba ana homa ya ini aina ya B, ile ambayo madaktari huiita hepataitisi B, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Daktari, nikimeza hizi tembe nitapona?" Jibu la haki ni kwamba wengi hawaponi, ikiwa kupona ni virusi kutoweka kabisa mwilini. Daktari akilitoa jibu hilo kisha akanyamaza, mgonjwa huinuka, hushukuru kwa adabu na kwenda zake. Baada ya miezi michache unasikia yuko kwa muuza mizizi fulani mjini aliyemwahidi kumsafisha ini kwa wiki tatu.

Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa linawaua watu ambao siku yao ilikuwa bado. Maoni yangu ni kwamba tembe hizi zinafaa kupimwa kwa mambo ambayo hayakutokea: tumbo ambalo halikujaa maji, damu ambayo haikutapikwa, saratani ambayo haikuota. Ni vigumu kumshukuru mtu kwa jambo ambalo halikutokea, na hiyo ndiyo taabu ya dawa hii.

Tuanze na ugonjwa wenyewe.

Wengi huugundua kwa bahati tu. Kijana anapimwa afya ili akafanye kazi ya udereva au ya nyumbani katika nchi za Ghuba, na safari inakatizwa na matokeo ya damu. Mwingine amejitolea kutoa damu, kisha anapigiwa simu arudi. Mama mjamzito anapimwa kliniki. Wote hawa wako buheri wa afya, hawaumwi popote, na kwa hivyo huona kama wamesingiziwa.

Virusi hivi vilianza kutambuliwa katika miaka ya 1960 kutokana na kazi ya mwanasayansi Mmarekani, Baruch Blumberg, ambaye alituzwa Nobel mwaka 1976. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba katika mwaka 2022 watu milioni 254 ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa huu ukiwa sugu, na kwamba uliua watu wapatao milioni 1.1 mwaka huo huo. Katika kanda ya Afrika ya shirika hilo, kati ya kila watu 100 wenye ugonjwa, ni kama wanne tu waliokuwa wamepimwa na kujua hali yao. Waliokuwa wakipata dawa hawakufika hata mmoja kati ya 100.

Virusi hupitia damu, ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Pia huenea kati ya watoto wadogo kupitia vidonda na mikwaruzo. Haviambukizwi kwa kula sahani moja, kusalimiana wala kukaa kiti kimoja katika matatu. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa ugonjwa kukita mizizi ni kama asilimia 90. Mtu mzima akiambukizwa, uwezekano huo ni chini ya asilimia 5, kwani mwili wake huvifukuza virusi wenyewe.

Hesabu hiyo ina maana kubwa nyumbani. Mume au mke akipatikana na homa ya ini iliyo sugu leo, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliipata akiwa mtoto, kabla hajajua hata kuandika jina lake. Chanjo ya homa ya ini iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto wachanga hapa Kenya mwishoni mwa 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuikuta kliniki. Basi kabla ya kufunga mizigo na kuita wazee wa pande zote mbili, pimeni nyote wawili na watoto, na asiyeambukizwa achanjwe. Ndoa nyingi zimevunjwa na karatasi ya maabara iliyosomwa vibaya.

Kwa nini virusi havitoki

Kirusi kikishaingia katika seli ya ini, huficha nakala ya maagizo yake ndani ya kiini cha seli hiyo. Chukua mfano wa genge linalochapa noti bandia. Polisi wamenasa karatasi na wino wote, na uchapaji umesimama. Lakini kile kibao cha chapa kimefichwa ukutani na hakijapatikana. Siku polisi wakiondoka, wino hurudi na kazi huendelea.

Tembe tunazotumia, hasa tenofoviri na entekaviri, hunasa wino na karatasi. Huzuia kirusi kujinakili. Kibao cha chapa hazikifikii. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kumeza dawa miaka mitano bila kukosa siku hata moja, na bado kipimo cha kawaida, kile cha matone ya damu kwenye kijikaratasi, kikaonyesha kwamba anao ugonjwa.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Mgonjwa anaenda kwenye duka la dawa mtaani, anajipima mwenyewe, anaona mistari miwili, na kuamua kwamba daktari amemla pesa bure. Msomaji, kipimo hicho hutafuta ganda la kirusi, na ganda huendelea kuonekana kwa miaka mingi. Kwa tembe hizi, ganda hutoweka kwa takriban mtu mmoja kati ya 100 kila mwaka, au hata pungufu. Kipimo kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi ni kile cha kuhesabu wingi wa virusi katika damu. Kwa mtu anayemeza dawa vizuri, hesabu hiyo hushuka mpaka mashine ishindwe kuviona. Vile vile vimeng'enya vya ini, ambavyo huvuja katika damu ini linapoumia, hurudi katika kiwango cha kawaida.

Miaka imetufundisha nini

Dawa ya kwanza iliyokubaliwa, interferoni, iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1992. Ilikuwa ya sindano, iliwachosha wagonjwa kwa homa na unyonge, na iliwafaa wachache. Mwaka 1998 ikaja lamivudini, tembe moja kwa siku, ambayo tayari ilikuwa ikitumiwa kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi.

Mwaka 2004 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Asia na eneo la Pasifiki kwa wagonjwa 651 ambao maini yao yalikuwa yameanza kuwa na makovu mengi au yamekwisha kukakamaa. Baadhi walipewa lamivudini, wengine tembe isiyo na dawa. Utafiti ulikatizwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Ugonjwa uliendelea kuwa mbaya kwa asilimia 7.8 ya waliopewa dawa, ikilinganishwa na asilimia 17.7 ya wale wengine. Saratani ya ini ilionekana kwa asilimia 3.9 dhidi ya 7.4. Kwa mara ya kwanza tukawa na ushahidi thabiti kwamba kuwazuia virusi kwa tembe kunabadilisha mwisho wa safari.

Lakini lamivudini ilikuwa na dosari. Virusi viliizoea. Baada ya miaka mitano, karibu asilimia 70 ya waliotumia dawa hiyo peke yake walikuwa na virusi sugu visivyoisikia. Ndipo zikaja entekaviri mwaka 2005, na tenofoviri ambayo iliidhinishwa kwa homa ya ini mwaka 2008. Kwa mgonjwa anayeanza matibabu, usugu dhidi ya entekaviri baada ya miaka mitano ni kama asilimia 1 tu. Kwa tenofoviri, wagonjwa wamefuatwa kwa miaka minane bila usugu kuthibitishwa.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hili ndilo ninalotaka ulikumbuke. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya wagonjwa 348 waliotumia tenofoviri kwa miaka mitano, ambao walichukuliwa kipande kidogo cha ini kabla ya dawa na tena baada ya miaka hiyo mitano. Katika wagonjwa 100, 87 walikuwa na ini lililo katika hali bora kuliko mwanzo. Kati yao walikuwamo 96 ambao walianza dawa ini likiwa limekwisha kukakamaa, ile hali ya sirosisi ambayo sisi madaktari tulifundishwa chuoni kwamba hairudi nyuma. Wagonjwa 71 kati ya hao 96, yaani karibu robo tatu, hawakuwa tena na sirosisi.

Msomaji, hebu lifikirie jambo hilo. Mtu aliyetumiwa ujumbe wa kifo alirudishiwa ini lake, na huku kipimo cha mistari miwili kikiendelea kumwambia kwamba "bado anao". Ni nani aliyepona zaidi, huyu au yule aliyesafishwa kwa mizizi?

Huko Taiwan, serikali ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na mwaka 2003 ikaanza mpango wa kugharamia dawa za wagonjwa wa homa ya ini. Katika miaka iliyofuata, vifo vya ugonjwa wa ini na saratani ya ini vilipungua. Kinga na tiba zilitembea pamoja, wala moja haikusubiri nyingine imalize.

Tembe zisichoweza

Yafaa niseme pia ambayo dawa haiwezi, nisije nikafanana na wauza mizizi.

Kwanza, hatari ya saratani ya ini hupungua lakini haiishi. Aliyeanza dawa ini likiwa limekwisha kukakamaa anahitaji kupigwa picha ya ultrasaundi kila baada ya miezi sita, hata kama virusi havionekani tena katika damu. Uvimbe ukipatikana ukiwa mdogo, kuna la kufanya. Ukipatikana mgonjwa amekonda na macho yamekuwa manjano, mara nyingi tumechelewa.

Pili, dawa haifuti madhara ya mambo mengine. Ini lenye virusi halivumilii pombe, iwe ya chupa ya bei ghali au chang'aa ya kichochoroni. Wala halivumilii mahindi yenye ukungu. Tukumbuke mwaka 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi ilipowagonjesha watu 317 katika mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui, na kuwaua 125. Hao waliuawa na sumu nyingi kwa mara moja. Sumu hiyo hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka na mtu mwenye homa ya ini, huongeza sana hatari ya saratani. Unga wenye uchungu au harufu ya uvundo usiupike kwa kuhofia hasara.

Tatu, tenofoviri inaweza kuathiri figo na kupunguza uimara wa mifupa kwa baadhi ya watu, hasa wazee, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu. Wengi hawapati shida hiyo, lakini figo zipimwe kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Zikionekana kulemewa, kuna entekaviri, na kuna aina mpya ya tenofoviri ambayo ni nyepesi kwa figo. Pia kila mtu apimwe virusi vya Ukimwi kabla ya kuanza. Mwenye magonjwa yote mawili akipewa dawa moja peke yake, virusi vya Ukimwi hujifunza kuishinda.

Nne, si kila mwenye virusi anahitaji tembe leo. Kuna wale ambao virusi vimelala na ini halina kovu. Hao hufuatiliwa kwa vipimo, kila miezi sita au kila mwaka. Hata hivyo, mwezi Machi 2024 WHO ililegeza masharti yake, na sasa wengi zaidi wanastahili dawa. Anastahili mwenye dalili za makovu katika ini. Mwenye virusi vingi pamoja na vimeng'enya vilivyopanda. Mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani ya ini. Mwenye kisukari au mafuta katika ini. Na mwenye virusi vya Ukimwi. Makovu nayo yanaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi ya vipimo viwili vya damu ambavyo maabara nyingi za kawaida hufanya: kimeng'enya kiitwacho AST na idadi ya chembe za kugandisha damu. Kwa hivyo, ukiambiwa miaka mitano iliyopita kwamba huhitaji dawa, rudi ukaulize tena.

Hatari ya kuacha

Fikiria mfanyabiashara wa miaka 38 ambaye amemeza tenofoviri kwa miaka mitatu. Anahisi mzima. Biashara imelala, karo ya shule imefika, na katika orodha ya matumizi ya mwezi anaona tembe ni kitu pekee ambacho akikikata hakuna atakayelia. Anaacha. Wiki kadhaa zinapita kimya, hata miezi. Kisha kile kibao cha chapa kinarudi kazini. Virusi huongezeka kwa kasi, kinga ya mwili huzinduka na kuzishambulia seli za ini zilizoambukizwa kwa pamoja. Ikiwa ini lake lilikuwa limekwisha kukakamaa, shambulio moja kama hilo laweza kulizima kabisa. Anafika hospitalini akiwa na macho ya manjano na akili imechanganyikiwa, na jamaa wanasema amerogwa.

Wapo wanaoweza kuacha dawa salama, lakini ni wachache. Huamuliwa na daktari kwa vipimo, na hufuatwa kwa karibu baadaye. Mwenye sirosisi haachi. Ukikosa pesa, rudi kliniki useme wazi kwamba pesa zimekwisha. Hakuna aibu katika kusema hivyo, na tembe ya mwezi mmoja iliyotafutwa kwa shida ni rahisi kuliko kitanda cha wodi kwa wiki moja.

Serikali haina budi

Nimemlaumu mgonjwa vya kutosha. Sasa niwageukie wakubwa.

Tenofoviri imo katika nchi hii kwa wingi. Ni mojawapo ya dawa tatu zilizomo katika tembe ambayo maelfu kwa maelfu ya Wakenya wanaoishi na virusi vya Ukimwi humeza kila siku. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi pamoja na homa ya ini hutibiwa yote mawili kwa tembe hiyo moja. Lakini jirani yake mwenye homa ya ini pekee mara nyingi huambiwa akanunue mwenyewe. Nimewahi kuulizwa na mgonjwa, na hakuwa akitania, kama ingemfaa zaidi kuwa na magonjwa yote mawili. Swali kama hilo ni la kuaibisha taifa.

Katika ripoti yake ya 2024, WHO ilisema kwamba tenofoviri inaweza kupatikana katika soko la dunia kwa kiasi cha dola 2.40 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 300 zetu, lakini nchi nyingi hulipa zaidi kwa kutonunua kwa mpango. Wizara ya Afya na serikali za kaunti zina njia za kununua, maghala, magari na wauguzi waliozoea kufuatilia wagonjwa wa kumeza dawa maisha yote. Kinachobaki ni kuamua kwamba mwenye homa ya ini naye apite mlango ule ule.

Najua jibu nitakalopewa: kwamba fedha ni haba, na kwamba watu wetu hawawezi kumeza dawa miaka ishirini bila kuchoka. Hoja ya fedha ni ya kweli, na ndiyo maana napendekeza tuanze na walio katika hatari kubwa: wenye makovu katika ini, wenye historia ya saratani katika familia, na kina mama wajawazito wenye virusi vingi. Mama hao wakimeza tenofoviri kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, na mtoto akachanjwa ndani ya saa 24 za kuzaliwa kama WHO inavyoshauri, mnyororo hukatika pale pale.

Hoja ya uchovu siikubali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapo wakubwa wa ng'ambo waliodai hadharani kwamba Waafrika hawangeweza kumeza dawa za Ukimwi kwa saa. Wakenya wamewajibu kwa kuzimeza kila siku kwa miaka zaidi ya ishirini. Kina mama wa Kibera na wavuvi wa Homa Bay wamethibitisha kwamba mtu akielezwa ukweli, akapewa dawa karibu na nyumbani na asitukanwe kliniki, hushika dawa yake. Na Ethiopia jirani yetu ilianzisha mpango wa kutibu homa ya ini kwa tenofoviri katika hospitali ya St Paul's mjini Addis Ababa mwaka 2015. Si nchi tajiri kutushinda.

Kwa madaktari wenzangu nina ombi moja. Tusimwambie mgonjwa tu kwamba "hakuna dawa ya kuponya". Sentensi hiyo ni ya kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomwokoa. Tumwambie pia kwamba ini lake linaweza kupata nafuu likiwa bado na virusi, kwamba kipimo cha mistari miwili si hukumu, na kwamba tutakuwa naye mwaka wa tano na wa kumi.

Na wewe msomaji, ikiwa hujawahi kupimwa homa ya ini na ulizaliwa kabla ya chanjo kuja, pimwa mwezi huu. Usipopatikana nayo, chanjwa. Ukipatikana nayo, ulizia virusi ni vingapi na ini lina kovu kiasi gani, kisha uwalete wa nyumbani mwako wapimwe. Ukipewa tembe, imeze leo, na kesho uimeze tena. Usingoje ikwambie kwamba umepona. Ukifika miaka sabini ukiwa ungali ukiimeza, na wajukuu wanakusumbua, ujue ilifanya kazi.